Doto Yuko Wapi?

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaojiandaa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, walimu wangu, na ninyi wenzangu mnaofunga mizigo kwenda fildi. Wakubwa wangu, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa nieleze mafunzo yangu ya mwaka jana. Aliyenitangulia ametuonyesha slaidi zenye ramani na mishale ya rangi, na nimemwonea wivu kidogo. Mimi sina slaidi. Nina kisa kimoja, tena si cha kujisifia: katika wiki yangu ya tatu kazini niliwafuta watoto kumi na mmoja. Niliandika mstari mmoja wa programu, nikabonyeza kitufe, faili likawa safi, nikashuka chini kunywa chai na chapati.

Hakuna aliyenikaripia siku ile. Nilipongezwa.

Wengi humu mmetokea kwenye hisabati na takwimu, wachache mmetokea wodini. Kwa hiyo kwanza niseme data zetu zinakozaliwa, maana mimi nilifika mwaka wa pili wa uzamili bila kujua. Kila kituo cha afya nchini, kuanzia zahanati ya kijiji, kina vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni vitabu vikubwa, vizito, vyenye safu nyingi kuliko subira ya binadamu. Watu wa kituoni wanavitaja kwa namba, kama tunavyotaja daladala kwa njia zake: cha sita ni cha wajawazito, cha kumi na mbili ni cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi mtu anakaa na kalamu, anajumlisha, anajaza fomu, fomu inakwenda wilayani, na huko inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo asili yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoanguka na nchi ikahitaji kuwahesabu wagonjwa wake wote kwa daftari moja. Leo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na mkono katika kuujenga. Kenya wanautumia, Uganda wanautumia, Rwanda pia.

Lakini DHIS2 tuliyoizoea inapokea jumla. Inajua kwamba mwezi wa sita kituo fulani kilipokea wazazi kadhaa. Mzazi mwenyewe haimjui. Utafiti niliopangiwa ulitaka kwenda chini ya jumla, mstari kwa mstari. Vitabu namba 12 vya vituo kadhaa vya wilaya moja mkoani Morogoro vilipigwa picha, majina yakafunikwa, makarani wawili wakaingiza kila mstari kwenye kompyuta. Kibali kilikuwepo, na hapo siongezi neno. Mnaosubiri vibali vyenu mnajua subira yake ikoje. Nisichoweza kupita bila kukisema ni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe mwanafunzi. Ukimpigia mwenzako picha ya ukurasa wa rejesta na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ili akusaidie kusoma mwandiko, umeshatoa siri ya mama wa watu. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Swali la utafiti lilikuwa dogo: ni watoto wangapi wanazaliwa na uzito pungufu, na je, daftari linawaona? Uzito pungufu, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni chini ya gramu 2,500. Lishikeni hilo neno "chini ya". Mwenye 2,500 kamili amevuka mpaka. Mwenye 2,400 hajavuka, na anastahili kutazamwa kwa jicho jingine: anapoteza joto upesi, ananyonya kwa shida, anashambuliwa na maradhi kirahisi, na mama yake anapaswa kufundishwa kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi, ile tunayoiita huduma ya kangaruu. Gramu mia zinaamua mtoto aandikwe wapi.

Basi nikapewa dawati, ofisi yenye kiyoyozi, na faili. Nilipochora grafu ya uzito nilitarajia kilima, kile cha kitabuni chenye mgongo laini. Nilichopata kilifanana na Posta ya Dar es Salaam ukiitazama ukiwa kwenye pantoni unatoka Kigamboni: minara. Mnara kwenye 2.5, mnara mrefu zaidi kwenye 3.0, mwingine kwenye 3.5, na katikati yake vibanda vya mama lishe. Kwa mujibu wa daftari, wilaya ile ilikuwa karibu haizai mtoto wa kilo 2.9.

Wanatakwimu wanaliita jambo hili kulundikana kwa tarakimu. Liko kila mahali. Liko kwenye umri tunaotaja katika sensa, ambako miaka inayoishia na sifuri na tano hujaa watu kuliko jirani zake. Nililijua kwa mtihani. Nililolifanya ni kuandika kwenye daftari langu maneno matatu ambayo hadi leo nikiyasoma naona haya: "Wauguzi hawako makini."

Mnara wa 3.0 hauna madhara makubwa. Wa 2.5 ndio wenye madhara, kwa sababu umejengwa juu ya mpaka wenyewe.

Siku iliyofuata nikaanza kusafisha. Kwa kuwa makarani walikuwa wawili, kuna picha zilizoingizwa mara mbili, na hilo lilijulikana. Nikatafuta mistari inayofanana: kituo kilekile, namba ya mama ileile, tarehe ileile, jinsia ileile, uzito uleule. Saa ya kuzaliwa haikuwa kwenye faili. Kuna mtu aliamua mwanzoni kwamba safu ile haina kazi, tuokoe muda. Mtu huyo si mimi, ila ningekuwepo kwenye kikao ningenyoosha mkono kuunga hoja. Programu ikaniletea mistari iliyojirudia, mia na kitu. Nikafuta. Kisha chai na chapati.

Msimamizi wangu ni mama wa maneno machache. Aliipitia kazi, akasema safi, akarudi kwenye ile minara akaikodolea macho muda mrefu. Akaniuliza, "Mizani yenyewe umeshaiona?"

Nikasema bado.

"Nenda kaione."

Niliondoka kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikamalizia kwa bodaboda kwenye tope, begi tumboni. Kwa mnaoondoka wiki ijayo: posho yangu ya safari ile ilifika baada ya wiki sita, na nauli nilikopa kwa dada yangu. Wekeni akiba. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu ninayoyasimulia yangeweza kutokea kwenye kituo chochote, na kwa sababu walionipokea hawakunikaribisha ili niwaanike.

Nesi mkunga wa zamu ya usiku alikuwa mama aliyekaribia kustaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba. Wewe ndiye wa takwimu? Kaa pale, usikanyage maji." Wodi ilikuwa na yeye na mhudumu mmoja, basi. Usiku ule waliingia wazazi wanne.

Nilikuwa nimekuja kuitazama kalamu, kwa hiyo nikaitazama kalamu. Ilichomekwa kwenye nywele, nyuma ya sikio. Saa saba usiku mtoto wa kwanza akatoka. Nesi akamkausha, akamlaza kifuani kwa mama, akamchoma mama sindano ya kuzuia damu, akakata kitovu, akasubiri kondo, akalikagua kondo kwa tochi ya simu kwa sababu taa ya upande ule ilikuwa imekufa. Hapo mzazi wa kitanda cha pili alishaanza kupiga kelele. Kumpima mtoto kulifikiwa baadaye sana.

Mizani ilikuwa ya mshale, yenye sahani ya bati iliyotandikwa kitenge. Mtoto akalazwa, akakasirika, akarusha miguu. Mshale ukacheza: 2.4, ukaruka 2.7, ukarudi, ukatetema. Nesi akaupa kama sekunde tatu. Upande wa pili ikasikika, "Nesi, anakuja!" Akautupia jicho la mwisho, akatamka kwa sauti, kama anayejiambia mwenyewe, "Mbili na nusu," akaandika kwenye kipande cha plasta alichokuwa amekibandika kwenye aproni, akaondoka.

Mbili na nusu. Nilikaa pale kwenye kiti changu cha plastiki nikayarudia yale maneno kimoyomoyo. Sisi kwa Kiswahili tuna nusu, tuna robo, tuna kasorobo. Yanatoka mdomoni bila kufikiri. "Mbili nukta sita" ni maneno ya darasani. Hakuna anayetamka nukta sita huku anakimbia. Mnara wangu wa 2.5 ulikuwa umejengwa na mshale unaotetema, mtu mmoja kwa vitanda viwili, na lugha yenyewe.

Kitabu cha kumi na mbili alikiandika saa kumi na moja alfajiri. Alivuta meza, akabandua ile plasta kwenye aproni, akaibandika pembeni ya ukurasa, akawanakili watoto wanne mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na safu zake zote. Alisinzia mara mbili. Mara ya pili kalamu iliacha mstari wa wino ulioshuka hadi chini ya ukurasa, na mimi niliyewahi kuona mistari ya namna ile kwenye zile picha nikakumbuka nilivyokuwa nikicheka.

Asubuhi tukanywa chai ya rangi nje, kwenye benchi la kliniki ya watoto. Nikatoa karatasi zangu: orodha ya mistari ya kituo chake, bila jina hata moja, nikamwomba anisaidie kusoma namba zenye utata. Akavaa miwani. Akapitisha kidole polepole, akirekebisha hapa na pale, hii moja ni saba, huyu alipewa rufaa. Kidole kikasimama.

"Huyu mama ninamjua. Hii namba ninaijua. Alizaa pacha, wasichana. Wa pili alitanguliza matako, nilihangaika naye hadi jasho likanitoka." Akageuza karatasi, akaangalia nyuma, akairudisha. "Kulwa nimemwona. Doto yuko wapi?"

Majina hayo Wasukuma walitupa nasi nchi nzima tumeyachukua: Kulwa anatangulia, Doto anafuata. Nikamwambia labda karani alimruka. Hakubishana. Akaingia ndani, akarudi na kitabu, akakifungua kwenye benchi kati ya vikombe. Mistari miwili, mmoja chini ya mwingine. Mstari wa pili ulikuwa na alama za "kama juu" karibu kila safu: namba ya mama, kijiji, tarehe, jinsia, uzito 2.2. Safu moja tu ilitofautiana. Saa. Walipishana dakika thelathini na tano, kwenye ile safu tuliyoamua kwamba haina kazi.

Karani hakumruka. Doto aliingizwa. Nilimfuta mimi.

Nadhani mnaelewa kilichonipata pale, lakini acha niwachambulie kitaalamu, maana ubaya wa kosa lenyewe uko kwenye undani wake. Mapacha wa jinsia moja, waliopimwa kwa mizani ya mshale inayosomwa kwa haraka na kwa kukadiria, wana nafasi kubwa ya kuandikwa uzito mmoja. Na mapacha, kwa kawaida, huzaliwa wadogo. Kwa hiyo programu yangu haikufuta watoto ovyo, huyu hapa na yule pale. Ilichagua. Nilipoirudia kazi yote kwa kulinganisha na picha za vitabu, nilipata kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa chini ya kilo 2.5. Nilikuwa nimeajiriwa kuwatafuta watoto wenye uzito pungufu, nami nikawaondoa kwenye daftari, halafu nikaandika kwamba wauguzi hawako makini.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Niseme ukweli: nilifikiria kunyamaza. Kumi na mmoja kati ya maelfu hawabadilishi asilimia kwa kiasi cha kuonekana, na ripoti ilikuwa imeshapita. Kilichonisaidia si ushujaa. Nilijua tu kwamba yule mama atauliza tena.

Niliingia kwa msimamizi nikamweleza nikiwa nimesimama. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Faili la mwanzo lipo?" Lipo. Meneja wa data, kijana mmoja mpole anayekula karanga siku nzima, alikuwa na kawaida ya kulifungia faili la awali mahali ambapo hata yeye mwenyewe haruhusiwi kuliandika. Kila mtu anafanyia kazi nakala. Wiki ya kwanza nilimwona ana ukiritimba. Sasa nikamnunulia karanga za mwezi mzima. Swali la pili la msimamizi halikuwa swali: "Andika."

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu: nilichofanya, tarehe, sababu, ule mstari wa programu neno kwa neno, na namna ya kuurekebisha. Tukairudisha safu ya saa. Tukaongeza safu ya mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ule ukurasa uliambatanishwa kwenye ripoti, na naambiwa makarani wapya wanapewa wausome. Katika yote niliyoyaandika mwaka ule, ikiwa ni pamoja na tasnifu ambayo walimu wangu hapa wameisoma kwa kulazimika, hakuna kilichosomwa kama huo.

Mtu mmoja aliniuliza, kwa nini nahangaika na watoto kumi na mmoja katika nchi iliyohesabu watu 61,741,120 mwaka 2022? Swali la haki. Jibu liko mkoani Morogoro kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, iliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki na alifariki vipi, kwa sababu wengi walikuwa wanafia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Majibu yakawekwa mezani kwa timu za afya za wilaya, pembeni ya bajeti. Ikaonekana kwamba malaria na maradhi mengine ya watoto yanaua sehemu kubwa kuliko sehemu ya fedha yanayotengewa. Bajeti ikahamishwa, ikaongezewa kidogo, na vifo vya watoto katika wilaya zile vikashuka sana. Fedha zilifuata maiti zilizohesabiwa. Mtoto asiyekuwepo kwenye daftari hana bajeti. Hatengewi kitanda wala kofia ya sufu.

Wiki za mwisho nilizitumia kijijini na timu ya wadadisi wa kaya, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata swali ni kifaa cha kupimia, nalo lina mshale unaotetema. Chukueni neno "ndugu". Takwimu za vifo vya uzazi tunazozinukuu kila siku, zile za vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 na 104 katika ule wa 2022, zinapatikana kwa kumuuliza mwanamke kuhusu ndugu zake: wangapi, nani yu hai, nani alifariki, je, alikuwa mjamzito au amejifungua karibuni. Sasa muulize Mtanzania ana ndugu wangapi. Atakuhesabia wa mama mkubwa, wa mama mdogo, wa baba mdogo, na yule aliyelelewa hapo nyumbani tangu darasa la pili. Wote ni ndugu, na hakudanganyi. Dada mmoja mdadisi, mzoefu, alinifundisha kuliacha neno lile kabisa. Alikuwa anasema, "Tuanze na tumbo la mama aliyekuzaa wewe. Wa kwanza kutoka ni nani?" Na hapo hesabu inanyooka, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliofariki wachanga.

Hao waliofariki wachanga nao wana shida yao. Kwetu watoto hawahesabiwi hesabiwi. Ukiuliza "una watoto wangapi" unajibiwa walio hai, au unajibiwa "Mungu amenijalia". Nilikaa kwenye mkeka na bibi mmoja aliyesema wanne. Yule dada akauliza lile swali la nyongeza: je, kuna yeyote aliyezaliwa akalia, au akapumua, hata kwa muda mfupi? Bibi akanyamaza. Akachukua ufagio, akafagia mbele ya mkeka pasipokuwa na uchafu. Akasema, "Huyo alilia mara moja." Halafu akasema, "Wawili." Yule dada hakuandika papo hapo. Aliweka kishikwambi chini, wakazungumza habari za mvua kidogo, ndipo akakiokota. Hakuna mwongozo wa mdadisi niliousoma unaosema zungumzeni habari za mvua.

Na umri je? Kwa wazee tulitumia kalenda ya matukio: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera. Mzee mmoja alituambia alizaliwa "mwaka nzige walipokula hadi mikeka". Tukalisaka tukio hilo nusu siku nzima. Mdadisi mwenye haraka angeandika 80 akaenda zake, na kule mjini angetokea kijana kama mimi wa wiki ya tatu, angeuona mnara kwenye 80, angeandika maneno matatu kwenye daftari lake.

Nirudi kituoni, nimalizie hapo.

Kabla mkataba wangu haujaisha niliomba nauli ya kurudi kwa yule nesi, na safari hii nilipewa mapema, sijui kwa nini. Nilimpelekea ukurasa mmoja: grafu ya kituo chake peke yake, mwezi kwa mwezi, watoto wote, wenye uzito pungufu kwa rangi ya chungwa, mapacha wote wakiwemo. Aliitazama kimya. Miaka thelathini na kitu, akaniambia, amejaza vitabu vikaenda wilayani, na hajawahi kuona kitu kikirudi kutoka huko isipokuwa barua ya kuulizwa kwa nini amechelewesha. Alisema bila hasira, kama anayeeleza hali ya hewa.

Akamwita mhudumu, wakaibandika ukutani kwa ile plasta yake, juu ya meza. Akarudi nyuma hatua mbili, akavuta kalamu kutoka kwenye nywele, akaisogelea tena. Kwenye mwezi wa sita, ambako mnara wa 3.0 ulikuwa mrefu kuliko miezi mingine yote na mimi nilikuwa nimeshaandaa maelezo ya kitaalamu kuhusu hilo, akaandika kwa herufi kubwa: MIZANI ILIHARIBIKA SIKU NANE. TULIKADIRIA KWA MIKONO.

"Nimekuandikia," akasema. "Uiingize kwenye hiyo kompyuta yako."

Nimeiingiza. Iko kwenye safu ya mwisho ya faili, safu ya maelezo, ambayo kabla ya hapo ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali aulize, na walio nyuma kabisa msogee mbele, kipaza sauti hiki hakifiki huko.